Kikohozi cha Saa Kumi na Mbili Unusu

Dada yangu mdogo alihamia Nakuru kutoka Kisumu mapema Januari, yeye na mwanawe wa miaka saba mwenye pumu. Kazi ndiyo iliyomleta. Mumewe alibaki Kisumu kwa sababu duka lao liko Kondele, na duka halibebwi kama godoro. Dada akapanga chumba na sebule katika ploti moja upande wa Kaptembwa, mlango ukifungukia korido ndefu ya saruji yenye milango kumi na miwili, sita huku na sita huku.

Hata wiki mbili hazijaisha, mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa na ratiba. Kilianza mnamo saa kumi na moja alfajiri angali kitandani, kikapanda akiwa njiani kwenda shule saa kumi na mbili unusu, kikapungua kadiri jua lilivyozidi kupanda, na kufikia saa nne alikuwa anakimbizana uwanjani na wenzake. Jioni kilirudi kwa muda mfupi. Kisumu pia alikuwa akikohoa, tena siku nyingine usiku kucha, lakini inhela moja ilikuwa inamfikisha mbali. Huku Nakuru iliisha kabla ya mwisho wa mwezi.

Shemeji alitoa hukumu kwa simu. "Si nilisema? Huko ni vumbi tupu. Hata jina la mji lenyewe ni vumbi." Kwa jina hakukosea. Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na aliyewahi kupita hapa Februari akaona vile vimbunga vidogo vya vumbi vikizunguka viwanjani hahitaji kufafanuliwa. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, upepo kidogo tu unaunyanyua. Shemeji akatuma picha ya skrini kutoka programu ya hali ya hewa: Kisumu kijani, Nakuru manjano. Kesho yake dada akafungua programu ile ile, akakuta rangi zimebadilishana, naye akampelekea yake. Kwa siku kadhaa mke na mume wakawa wanarushiana rangi.

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki hapa mjini, na nilikuwa na vipima hewa viwili vidogo nilivyoviunganisha mwenyewe. Jumapili moja dada akaniambia, "Kaka, wewe si una vile vidude vyako? Tupimie. Kama ni hewa ya huku inayomtesa mtoto, niambie nirudi Kisumu hata kama ni kuacha kazi."

Kazi ya mtu ilikuwa imewekwa mezani, na pumzi ya mtoto. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu jibu la kwanza nililompa lilikuwa la makosa, na kosa lenyewe naliona likirudiwa kila watu wanapobishana mji upi una hewa safi.

Rangi za kwenye simu

Nilianza na ile programu, kwa kuwa ndiyo iliyowasha ugomvi. Namba inayoonyeshwa na programu nyingi za simu haitoki kwenye kifaa kilichotundikwa mtaani kwenu. Ni makadirio ya kompyuta: picha za setilaiti, taarifa za moto na upepo, makadirio ya moshi wa magari na viwanda, vyote vinapigiwa hesabu pamoja. Mfumo wa Ulaya uitwao Copernicus, ambao programu nyingi huutegemea, huigawa dunia katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 40. Weka mraba wa kiasi hicho kwenye ramani, mji wa Nakuru ukiwa katikati: umemeza kreta ya Menengai, ziwa lote, Lanet na Njoro na mashamba yake, halafu vyote vimepewa namba moja. Makadirio hayo yana faida, hasa kuonyesha moshi wa mbali unaposafiri kutoka nchi hadi nchi. Lakini korido ya milango kumi na miwili hayaijui.

Na hata mipaka ya rangi hupangwa na watu. Mwaka 2024 Marekani ilirekebisha kipimo chake cha ubora wa hewa, ambacho programu nyingi hukitumia: kijani kilichokuwa kinafika maikrogramu 12 za chembe ndogo kwa kila mita ya ujazo ya hewa sasa kinakomea 9. Hewa yenye maikrogramu 10 ililala kijani ikaamka manjano, na hakuna moshi hata mmoja ulioongezeka.

Nikawaambia dada na shemeji waziache rangi, tupime.

Vipima viwili na kosa langu

Vipima vyangu huhesabu chembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5, zile zinazoandikwa PM2.5. Unywele wa kichwani una upana wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo chembe karibu thelathini zingejipanga ubavu kwa ubavu kuuvuka unywele mmoja. Udogo huo ndio ubaya wake. Vumbi nene hunaswa puani na kooni, ukalipenga au ukalitema; chembe hizi hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huingia damuni. Ndani ya kifaa kuna feni ndogo inayovuta hewa na mwale wa leza. Chembe ikikatiza mwale inametameta, na jicho la kielektroniki linahesabu. Ukikifungua gizani unaiona kazi yenyewe: mstari mwembamba mwekundu umejaa vimulimuli, kama jua la asubuhi linapopenya tundu la msumari kwenye bati na kukuonyesha hewa uliyokuwa unaivuta muda wote.

Kimoja nikakitundika kwenye dirisha la dada, Kaptembwa. Cha pili nikakituma Kisumu kwa matatu, shemeji akakifunga kwenye veranda ya nyuma ya nyumba. Baada ya wiki tatu nikachukua wastani. Kisumu ilikuwa juu kuliko Nakuru, tena kwa tofauti isiyo ndogo.

Shemeji alinyamaza. Dada akapumua. "Basi si hewa, ni baridi tu. Nitamvisha sweta mbili." Nami nikakubali. Kwa siku nne nilikuwa mtu aliyempima mtoto hewa na kumpa mamake jibu la uongo.

Kilichonizindua ni ile ratiba ya kikohozi. Baridi inaweza kuuchokoza mfumo wa mapafu ya mwenye pumu, hilo ni kweli, na Nakuru iko juu ya Kisumu kwa mita 700 hivi, usiku wake ni wa blanketi. Lakini kwa nini jioni pia, saa moja, wakati saruji ingali na joto la mchana? Nikaomba kile cha Kisumu kirudishwe, nikaviweka vyote viwili mezani kwangu, bega kwa bega, dirisha moja, hewa moja, kwa siku saba. Jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya lolote.

Kile cha Kisumu kilikuwa kinasoma juu kwa karibu thuluthi moja, saa zote, siku zote. Nilipokifungua nikakuta feni yake imejaa utando wa mafuta na uzi wa vumbi. Mafuta? Nikampigia shemeji. Akaniambia kwamba chini ya veranda ile kuna mama anayekaanga samaki kila jioni. Hapo si Obunga, mtaa unaojulikana kwa kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu. Ni mama mmoja na karai lake moja. Lakini kipima kilikuwa juu ya karai hilo. Nilikuwa nimelinganisha mji wa Nakuru na karai la samaki, halafu nikaita jibu hilo Kisumu.

Nilipoisahihisha ile thuluthi na kuzitoa saa za kukaanga, wastani wa miji miwili ulikaribiana kiasi kwamba nisingethubutu kusema upi ulishinda. Mashindano yakafa hapo. Ndipo nikaanza kuziangalia saa.

Kifuniko

Nikachora kila siku kwa saa zake. Mstari wa Kisumu ulikuwa kama vilima vilivyotawanyika: kilima jioni, kilima kidogo asubuhi, na bonde pana mchana. Wa Nakuru ulikuwa na pembe mbili kama za ng'ombe, moja kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi, nyingine kati ya saa moja na saa tatu usiku. Ile ya asubuhi ndiyo iliyokuwa ndefu. Mchana, Nakuru ilishuka ikawa mji wa hewa nzuri tu.

Kutaka kujua kwa nini, nilipanda hadi ukingo wa Menengai asubuhi moja ya Februari kabla jua halijachomoza. Kutoka pale unauona mji wote hadi ziwani. Moshi wa mitaa ulikuwa unapanda wima, mwembamba, kutoka sehemu mia kwa wakati mmoja, kisha ukifika kimo fulani unajikunja na kulala, kana kwamba umegonga dari. Juu ya dari hiyo anga ilikuwa safi kabisa. Chini yake mji ulikuwa umefunikwa shuka la kijivu, na mapaa ya magharibi mwa mji yalikuwa yanaonekana kwa shida. Nilikaa hadi saa tatu. Jua lilipopata nguvu, shuka likaanza kuchanika upande mmoja, likapanda, likaisha.

Hiyo dari ni hewa yenyewe. Kwa kawaida hewa hupoa kadiri unavyopanda, na ya chini yenye joto hupaa ikabeba moshi wake. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto haraka, hewa inayoigusa inakuwa ya baridi na nzito, na juu yake inabaki hewa yenye joto kidogo. Moshi ukifika pale kwenye joto hauna tena nguvu ya kupaa. Nakuru ina sababu ya ziada. Imekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Menengai ikiinuka kaskazini hadi mita 2,278, miinuko ya Bahati mashariki, Mau magharibi. Baridi ya usiku huteremka kwenye miteremko hiyo kama maji na kujaa bondeni. Ni sufuria, na alfajiri ina kifuniko. Kiasi kile kile cha moshi kinachopotea mchana katika anga ya kilomita nzima kwenda juu, alfajiri kinagawanywa katika makumi au mamia machache ya mita tu.

Kisumu ina ziwa. Maji hayapoi upesi kama nchi kavu, kwa hiyo usiku wa Kisumu ni wa joto na kifuniko chake ni dhaifu zaidi. Mchana nchi kavu inapopata moto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kuingia mjini. Usiku hugeuka na kutoka bara kwenda ziwani. Mtu wa Dunga, ufuoni mwa ziwa, anaujua upepo huo shavuni bila kuhitaji mimi. Ule wa mchana ndio unaokwangua lile bonde pana nililoliona kwenye mchoro, na ndio huo unaojenga mawingu ya radi ya alasiri yanayousafisha mji zaidi. Lakini upepo huleta kama unavyoondoa. Bonde la Nyando ni la miwa, kuanzia Miwani hadi Muhoroni, na miwa ikichomwa kabla ya kukatwa majivu meusi hutua kwenye nguo zilizoanikwa mbali na shamba. Kisumu basi huwa na siku mbaya kufuatana na upepo unatoka wapi, na Nakuru huwa na saa mbaya kufuatana na jua liko wapi. Kwa mtoto wa pumu hizo ni taabu mbili tofauti kabisa, na wastani haukuona hata moja.

Fanya hesabu hii. Tuseme mji mmoja unakaa na maikrogramu 12 kwa saa 21, halafu 90 kwa saa tatu. Wastani wa siku ni karibu 22. Mji mwingine unakaa na 22 mchana na usiku bila kubadilika. Kwenye ripoti miji hii ni mapacha. Kanuni za ubora wa hewa za Kenya za mwaka 2014 ziliruhusu 75 kwa saa 24, kwa hiyo yote miwili imefaulu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka isizidi 15, kwa hiyo yote miwili imeanguka. Hakuna kati ya majibu hayo linalomwambia mama kwamba mwanawe anatembea kilomita moja na nusu ndani ya ile 90, akipumua kwa kasi kwa sababu anatembea, na kwamba mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya mwili wake.

Ukungu au moshi?

Kabla ya kumrudia dada na jibu la pili, nilikuwa na shaka moja ya kuondoa. Vifaa hivi vya leza havijui kutofautisha chembe ya moshi na tone la ukungu. Unyevu ukipita asilimia 75 au 80 chembe hunywa maji na kuvimba, na namba inapanda bila moshi kuongezeka. Alfajiri ya Nakuru ina unyevu. Huenda ile pembe ya asubuhi ilikuwa umande.

Nikatenga Jumapili. Unyevu haujui Jumapili. Baridi haijui Jumapili. Watu ndio wanaoijua: wanalala kidogo zaidi, jiko linawashwa kwa kuchelewa, matatu hazijai alfajiri. Katika asubuhi zenye unyevu uliolingana, pembe ya Jumapili ilikuja ikiwa imechelewa kwa zaidi ya saa moja na ilikuwa fupi waziwazi. Sehemu fulani ilikuwa ukungu, sikatai, na niliipunguza. Iliyobaki ilikuwa inafuata kalenda ya binadamu.

Korido

Dada aliponiuliza "Sasa ni moshi wa nani?" nilikwenda kulala kwenye kochi lake, kipima kikiwa magotini.

Saa kumi na moja kasorobo mlango wa nne ukafunguliwa. Mtu akaweka jiko la makaa kwenye korido, mbele ya mlango wake, akapanga makaa, akachomeka chini kipande cha kandambili kuukuu, akakiwasha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017, lakini kandambili, kipande cha ndoo na chupa bado viko, na vinashika moto upesi. Moshi mweusi mzito ukatambaa kwenye dari ya korido. Mlango wa pili ukafunguka, jiko. Wa saba, jiko. Kufikia saa kumi na mbili majiko matano yalikuwa yanapepewa na vifuniko vya sufuria, na korido haina upepo kwa sababu upande mmoja imezibwa na ukuta wa ploti jirani. Juu ya kila mlango kuna tundu la hewa la matofali. Tundu la chumba cha dada lilikuwa juu kidogo ya kichwa cha mtoto. Namba ilipanda mbele ya macho yangu hadi nikakifunika kifaa kwa mkono, nikidhani kimeharibika. Kisha nikamsikia mtoto anaanza.

Hapo nilikuwa nimepata saa kumi na moja. Saa kumi na mbili unusu nilimfuata njiani. Alipita kando ya barabara kuu, palipoegeshwa malori yanayopasha injini, akapita penye rundo la taka la ploti mbili ambalo mtu huliwasha kila asubuhi, akakatiza stendi ya matatu. Tangu Januari 2015 dizeli ya Afrika Mashariki inatakiwa iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini mafuta safi hayatibu injini iliyochoka. Kola ya shati lake jeupe ilikuwa na mstari wa kijivu kabla ya kengele ya kwanza.

Nilimwambia dada jambo jingine ambalo kifaa changu hakikuweza kulionyesha. Makaa yakishaiva na moshi kuisha, majirani huliingiza jiko ndani lipashe chumba. Moshi umekwisha, hatari haijaisha: makaa mekundu hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Kwa hiyo sikutaka azibe lile tundu la hewa. Ni rahisi kuziba tundu ukadhani umemwokoa mtoto.

Tuliyofanya, na yaliyosaidia

Kitanda kilihamishwa upande wa pili, chini ya dirisha la uani. Dada alinunua mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa chai ya asubuhi. Kisha kukawa na suala la korido, ambalo si la dada peke yake. Hatukwenda na namba. Dada aliwaomba akina mama wa ploti waje jioni, akawaeleza habari ya mtoto, na mama wa mlango wa saba akasema wake pia anakohoa, na wa mlango wa kwanza akasema baba mkwe wake vilevile. Wakakubaliana kuwasha majiko uani, penye kamba za nguo, na kuwashia vijiti vikavu na karatasi badala ya kandambili. Msimamizi wa ploti alikuwa mgumu kuhusu taka, akisema zisipochomwa zitanuka. Ilichukua wiki kadhaa na barua moja yenye sahihi za wapangaji.

Kuhusu shule, mwalimu wa darasa alikubali mtoto akose masomo ya asubuhi na mapema, afike saa mbili. Niliitarajia hatua hiyo kuliko zote, na ilisaidia kidogo tu, kwa kuwa saa moja unusu kifuniko bado kiko. Njia ndiyo iliyosaidia zaidi. Tulimpitisha mitaa ya ndani, mbali na malori na lile rundo, dakika saba zaidi kwa mguu, na kipima nilichokibeba kwenye njia zote mbili asubuhi moja baada ya nyingine kilionyesha tofauti kubwa kuliko ile ya Kisumu na Nakuru iliyowagombanisha mtu na mkewe.

Kikohozi cha saa kumi na moja kilipungua ndani ya wiki mbili. Cha njiani kilichelewa. Halafu mwishoni mwa Machi mvua zikaanza, vumbi likalala, usiku ukawa na mawingu na kifuniko kikalegea, na kila mtoto wa ploti akapata nafuu. Sikuweza tena kujua ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na sisi na kiasi gani na mawingu. Miezi nayo ina zamu zake. Januari na Februari upepo wa kaskazini huleta moshi wa nyika zinazochomwa kaskazini mwa ikweta. Katikati ya mwaka ni zamu ya moto wa kusini, kule Kongo, Zambia na Angola. Mvua inaosha vumbi nene vizuri, chembe ndogo kwa shida. Atakayepima Aprili akatangaza ushindi, asubiri Julai.

Tulisubiri. Dada aliniuliza siku moja kama mji huu utakuwa hivi daima, nikamkumbusha yanayosimuliwa na wazee wa Nakuru: katikati ya miaka ya tisini ziwa lilipokauka, upepo ulikuwa unabeba vumbi la magadi kutoka kitako cha ziwa na kulimwaga mjini. Leo ziwa limefurika hadi limemeza misitu ya ukingoni, na vumbi lile halipo. Hilo lilibadilishwa na mvua. Kuna yanayobadilishwa na watu: Beijing, iliyokuwa na wastani wa mwaka wa maikrogramu 89.5 mwaka 2013, ilishuka hadi 33 mwaka 2021, kwa kuondoa makaa ya mawe majumbani na viwandani na kubana magari. Bado ni zaidi ya mara sita ya kiwango cha mwaka cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni 5. Lakini ni miaka minane tu.

Julai baridi ilirudi, na pembe ya asubuhi ikarudi kwenye mchoro. Mtoto alikohoa. Alikohoa njiani, siku chache kwa wiki, na alfajiri mara mbili tu mwezi mzima, zote mbili siku ambazo mvua iliwarudisha watu na majiko yao kwenye korido. Inhela ya Julai ilifika Agosti ikiwa bado ina dozi.

Shemeji alikuja Agosti shule zilipofungwa. Aliamka saa kumi na moja, akatoka, akasimama mlangoni na shuka begani akiwatazama watu wakipita na majiko baridi mikononi kwenda uani. Akakirudia kipima, akakitazama muda, hakusema neno juu ya Kisumu wala Nakuru. Aliuliza kama naweza kumpa kile cha pili tena. Nilikuwa nimekibadilishia feni na kukilaza mezani kando ya mwenzake kwa siku saba, safari hii kabla ya kukitoa. Juu ya kifuniko chake nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: kisitundikwe upande wa karai.